Majimbo ya Marekani na Haki za Raia (2): Minneapolis Baada ya Washington Kujitoa

Wiki iliyopita tuliishia mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Alabama, Juni 1963, gavana George Wallace akiwazuia wanafunzi wawili weusi wasiandikishwe. Siku hizo jimbo ndilo lililoonea, na aliyeonewa alitegemea serikali kuu. Leo tutazame Minnesota, ambako mambo yamegeuka.

Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa mikononi mwa polisi wa Minneapolis. Dunia iliiona video ile. Gavana Tim Walz alimkabidhi Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Keith Ellison, kuongoza mashtaka, na Aprili 2021 askari Derek Chauvin akatiwa hatiani. Lakini mwanzoni mwa Juni 2020, bila kelele nyingi, Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota ilikuwa imeshafungua shauri jingine, dhidi ya jeshi zima la polisi la mji huo.

Hapa ndipo penye uzito. Kwa sheria ya Minnesota, kamishna wa idara hiyo anaweza kufungua shauri mwenyewe bila kungoja mlalamikaji. Kwangu mimi huo ndio moyo wa sheria hiyo. Mtu anayesimamishwa barabarani kila mara na askari wale wale atathubutu vipi kwenda kuwashtaki, wakati kesho atakutana nao tena?

Wachunguzi walipitia kumbukumbu za miaka 10, zikiwemo takriban saa 700 za picha za kamera wanazovaa askari. Ripoti ya Aprili 2022 inauma kuisoma. Weusi ni kama asilimia 19 ya wakazi wa mji, lakini katika matukio ya matumizi ya nguvu ambayo polisi wenyewe waliyaandika, asilimia 63 yaliwapata wao. Askari walitumia akaunti bandia mitandaoni kuwapeleleza watu na vyama vya weusi visivyohusika na uhalifu wowote.

Machi 2023 jiji na jimbo yalitia saini makubaliano ya kulirekebisha jeshi hilo la polisi. Julai hakimu wa Kaunti ya Hennepin akayapa nguvu ya amri ya mahakama. Yanagusa mambo ya barabarani kabisa: askari haruhusiwi kumsimamisha dereva kwa sababu tu taa yake ya nyuma imeharibika, wala kumpekua mtu kwa madai kwamba amesikia harufu ya bangi. Visingizio vya namna hiyo vimewadhalilisha wengi.

Serikali kuu nayo ilifanya uchunguzi wake, na Januari 2025 ikatia saini makubaliano yake na jiji. Utawala ukabadilika. Mei 2025, siku chache kabla ya kutimia miaka mitano tangu kifo cha Floyd, Wizara ya Sheria iliomba mahakama iyafute, yakafutwa. Ya jimbo yakabaki, kwa kuwa yamejengwa juu ya sheria ya Minnesota.

Siku ile ile wizara iliomba yafutwe pia makubaliano ya Louisville, Kentucky, ambako Breonna Taylor aliuawa na polisi mwaka 2020. Huko jimbo halikuwa na makubaliano yake. Jiji limejiandalia mpango wa mageuzi na kuahidi kuutekeleza, ila mkazi wake hana amri ya hakimu ya kushikilia ahadi hiyo ikivunjwa. Wiki ijayo tutaanzia Kentucky.