Sare na Rangi katika Picha za Familia za Pwani

Familia ya Pwani inapokubaliana kupiga picha nje, iwe ufukweni, bustanini au mbele ya mlango wa nakshi, jambo la kwanza kujadiliwa ni sare. Sare ni nguo za kitambaa kimoja au rangi moja zinazovaliwa na watu wa kundi moja. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam neno hili haliishii shuleni wala jeshini. Ni la harusi, la maulidi, la Idi na la arobaini ya mtoto. Aliyevaa sare ni wa ndani. Asiyevaa, hata akiwa ndugu wa damu, macho ya mtazamaji humweka upande wa wageni. Ndiyo maana mazungumzo ya rangi huanza na hesabu ya watu kabla mtu hajakanyaga dukani.

Desturi hii ina umri mkubwa kuliko picha za rangi. Postikadi za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha wanawake wawili wawili waliojifunga kanga za aina moja, bega kwa bega. Vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, Lamu na Unguja vilishindana kwa sare kama vilivyoshindana kwa ngoma yenyewe, na wanaume wa ngoma ya beni nao walitoka na mavazi yaliyoiga ya kijeshi. Studio za picha zikaupokea utamaduni uliokwisha kukomaa. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1930, ilipiga picha za familia kwa miongo mingi, na kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Katika picha ya namna hiyo nyekundu na kijani zenye uzito mmoja hutoka kijivu kimoja. Kwa vifaa vya zamani zaidi, ambavyo havikuhisi mwanga mwekundu, nyekundu ilitoka karibu nyeusi. Kilichobainisha sare katika picha hizo ni ua la kitambaa na pindo lake.

Siku hizi rangi ndiyo inayosemwa kwanza, na hapo lugha huwa na mchango wake. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi zimepewa majina ya vitu. Kijani kimetoka kwenye majani, kijivu kwenye jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, na damu ya mzee ni ule wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi. Jina la kitu humpa kila msikilizaji picha kichwani, ila picha hizo hazilingani. Shangazi aliyeko Tanga akiambiwa "bluu" anaweza kununua ya anga wakati wenzake wa Temeke wamekwisha kushona ya wino. Busara ni kukata kipande cha kitambaa na kukipeleka, au angalau kutuma picha yake iliyopigwa mchana nje ya duka, kwa sababu taa za dukani hubadilisha rangi.

Rangi ya mwili nayo huzingatiwa. Katika ukoo mmoja hukutana mweusi, wa maji ya kunde na mweupe, na nguo inayompendeza mmoja humfifisha mwingine. Rangi za uzito wa kati na zilizokoza, kama damu ya mzee, zambarau, kijani cha mwembe na manjano ya haradali, huwafaa karibu wote. Rangi nyepesi sana ya waridi au ya limau huhitaji uangalifu zaidi.

Jua la Pwani halisamehe. Saa 6 mchana liko utosini, kivuli hujaa machoni na chini ya pua, na hakuna rangi ya nguo inayoweza kuurekebisha uso wa namna hiyo. Saa nzuri ni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 na nusu jioni hadi jua linapozama. Nyeupe tupu ndiyo yenye mtego mkubwa. Kamera hupima mwanga wa eneo zima. Kanzu na magauni meupe yakijaa mbele yake juani, kamera hupunguza mwanga, na nyuso nyeusi huzidi kuwa nyeusi. Mpiga picha akiongeza mwanga ili nyuso zionekane, nguo hupoteza mikunjo na darizi, zikabaki bapa. Rangi ya maziwa au ya samli huleta utulivu uleule wa nyeupe bila hasara hiyo, na kivuli cha mkungu au cha ukuta mrefu husaidia zaidi.

Mahali nako huchagua. Ufukweni kwenye mchanga mweupe na maji ya samawati, kama Nungwi kule Unguja, nguo za samawati humezwa na bahari. Machungwa, haradali na zambarau husimama. Bustanini kijani cha majani hupotea ndani ya majani, tena nyasi zenye jua hurusha ukijani wao kwenye kidevu cha aliyeketi chini. Kuta za Mji Mkongwe ndizo karimu kuliko zote. Chokaa iliyozeeka ni kijivu na samli kwa pamoja, milango ni ya hudhurungi, na karibu kila kitenge hupata nafasi yake hapo.

Kwa wanawake wanaovaa baibui, rangi huhamia kwenye mtandio. Nyeusi ya baibui kadhaa zilizosimama karibu huungana ikawa doa moja kubwa lisilo na mipaka, kwa hiyo mitandio ya rangi moja, ikirudiwa kwenye nguo za watoto na kwenye uzi wa kofia za wanaume, ndiyo hushona kundi zima.

Kanga ina masharti yake. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina pindo, mji na jina. Jina ni maneno, na maneno husomeka pichani. Wazee wa kike hulisoma kabla ya kuidhinisha sare, maana kanga ya mafumbo iliyonunuliwa kwa uzuri wa rangi yake inaweza kumfanya wifi aamini amesemwa, na picha ikaning'inia ukutani miaka yote na neno lake. Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na bibi harusi, haivaliwi ovyo na kundi zima siku ambayo bibi harusi yupo. Rangi hizo siku hiyo ni zake.

Ziko pia rangi zenye wenyewe. Kijani na manjano kwa pamoja Tanzania husomwa kuwa chama cha CCM au timu ya Yanga, na nyekundu na nyeupe kuwa timu ya Simba. Familia nyingi zina wapenzi wa timu zote mbili, na ubishi unaoweza kuepukwa kwa kuongeza rangi ya tatu hauna haja ya kuingia kwenye picha.

Ununuzi hufanywa mara moja na mtu mmoja, kwa kawaida Kariakoo kwa watu wa Dar es Salaam au Darajani kwa watu wa Unguja. Kitambaa cha ua lilelile kikija katika mzigo mwingine huweza kupungua wekundu au kuongeza umanjano, na tofauti ambayo haionekani mkononi huonekana watu wakisimama pamoja. Kisha kila mmoja huenda kwa fundi wake. Mshono ndio unaoachiwa uhuru: gauni, sketi na blauzi, shati la mikono mifupi, dera. Vipande vinavyobaki hutoa mashati ya watoto na vilemba, na kilemba hicho ndicho humwokoa jamaa asiyekuwa na fedha ya sare. Familia yenye adabu humtengea mapema, asije akakipokea mbele ya watu kama sadaka.

Vijana wa mijini wameanza kuacha kitambaa kimoja na kuchagua rangi mbili au tatu zinazoendana, kila mtu akavaa alichonacho. Ni nafuu kwa mfuko, na kwa picha ya watu watano au sita hutoa matokeo mazuri. Kundi la watu thelathini ni habari nyingine. Rangi zikiachwa hivyo hutawanyika, na mtazamaji hajui aanzie wapi. Hapo wengi hurudi kwenye njia ya kati: kizazi cha wazazi kinavaa kitenge kimoja, wajukuu wanavaa rangi tupu iliyochukuliwa kwenye ua la kitenge hicho, na bibi anaketi katikati na kanga yake aliyoichagua mwenyewe.