Acheni Kuifuta Word, Kosa Liko kwenye Kiolezo

Katika sekretaria za Kabimba, mashariki mwa Kongo, vijana wanakochapishiwa barua za kuomba kazi kwenye kiwanda cha saruji, swali haliishi: "Fundi, kila ukurasa mpya unakuja na jina la mteja wa zamani, na printa inawaka taa tu. Kuniwekea Word upya ni bei gani?"

Siiweki upya, kwa sababu haitasaidia kitu.

Ukurasa mweupe unaouona Word ikifunguka umenakiliwa kutoka kwenye kiolezo kimoja, faili liitwalo Normal.dotm. Ukubwa wa karatasi, herufi, pambizo, hata jina lililosahauliwa juu ya ukurasa, vyote hutoka humo. Na faili hilo halikai pamoja na programu. Linakaa kwenye folda za mtumiaji. Ukiiondoa Word, lenyewe linabaki. Ukiirudisha, Word mpya inalikuta palepale na kulifuata. Ni kununua jiko jipya huku unaendelea kupikia unga uleule wenye mchanga.

"Mbona fundi mwingine aliformati mashine ikapona?" Ilipona kwa sababu formati ilifuta kila kitu, kiolezo kibovu kikiwemo, pamoja na picha za arusi, hesabu za duka na kazi ya chuo ya mwaka mzima. Faili moja lilitosha, ukalipia msiba.

"Basi ni virusi." Hofu hii ina asili yake. Machi 1999, virusi vya Melissa vilijificha kwenye Normal.dot, kiolezo cha Word za wakati ule, na kujituma kwa barua pepe kwa anwani 50 za kwanza za kila aliyeambukizwa. Lakini printa inayongoja karatasi haina virusi. Kiolezo kimepangwa kwa karatasi ya Marekani, sentimita 21.59 kwa 27.94, nawe umeweka A4, 21 kwa 29.7. Hakuna dawa ya virusi itakayobadilisha kipimo hicho.

Sasa fanya hivi. Hakikisha kwanza: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winword /a. Word itafunguka bila Normal.dotm; ukurasa ukija safi, mkosaji umempata. Funga Word zote. Windows na R tena, andika %appdata%\Microsoft\Templates. Lipe Normal.dotm jina jingine, Normal-zamani.dotm, usilifute, huenda lina makro zako. Fungua Word, itajitengenezea jipya. Karatasi bado si A4? Ichague kwenye mpangilio wa ukurasa, kisha, kwenye Word ya Kifaransa, bonyeza "Définir par défaut". Barua zilizokwisha andikwa hazitabadilika, kila moja inabeba mitindo yake, zirekebishe zenyewe.

Na acheni kuandika barua ya leo juu ya barua ya jana. Tengeneza barua tupu isiyo na jina la mtu, ihifadhi kama kiolezo cha .dotx, halafu uifungue kwa kuibofya mara mbili kwenye folda yake: utapata nakala mpya, kiolezo kibaki salama.

Kazi hii haihitaji intaneti wala CD. Anayekudai pesa za kuiweka Word upya kwa kosa hili, mwambie kwanza abadilishe jina la faili hilo moja, mbele ya macho yako.