Majina ya Wadudu Wetu katika Tovuti ya Kiswahili

Kutengeneza tovuti ya elimu kuhusu wanyama na wadudu wa hapa Uganda ni zoezi linalowafaa sana wanafunzi wa Kiswahili. Ukurasa wenyewe si mgumu kuuandaa: picha, jina na maelezo mafupi. Ugumu uko kwenye jina. Makala haya yanaeleza namna ya kulipata jina sahihi na kulitumia ipasavyo.

Tumchukue mdudu anayejulikana sana Kampala na Masaka, yaani nsenene. Huja kwa wingi majira ya mvua, hasa Novemba, na tena Aprili na Mei. Watu humnasa usiku kwa taa kali, mabati na mapipa, kisha humkaanga na kumla. Kwa Kiingereza, wengi humwita kwa jina lilelile la panzi. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kiingereza huandika "panzi", naye hukosea mara mbili. Kwanza, vipapasio vya panzi ni vifupi, lakini vya nsenene ni virefu na vyembamba kama uzi. Pili, Kiswahili kina jina lake tayari: senene. Jina hili linatumika Bukoba na kwingineko mkoani Kagera, Tanzania, ambako pia mdudu huyu huliwa. Jina la kisayansi, Ruspolia differens, linatuhakikishia kwamba nsenene wa Masaka na senene wa Bukoba ni mdudu mmoja.

Kwa hiyo, kila ukurasa uwe na majina matatu: la kisayansi, la lugha ya mahali na la Kiswahili. Tusianze na orodha ya maneno ya Kiingereza. Tuwaendee wazee na wakulima tukiwa na picha, tuwaulize: "Mdudu huyu mnamwitaje?" Chini ya picha tuandike mahali na tarehe ilipopigwa. Picha ziwe ndogo, ili ukurasa ufunguke upesi hata pale mtandao unapokuwa wa polepole.

Jambo jingine ni neno "mdudu" lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, buibui, nge, tandu na jongoo wote huitwa wadudu. Katika sayansi, wadudu ni wale wenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane. Tovuti ieleze mapema inatumia maana ipi, na viumbe hao wengine wapewe sehemu yao.

Mwisho ni upatanisho wa kisarufi. Wanafunzi wengi huandika "kipepeo hiki kizuri kinaruka", kwa kuwa neno lina umbo la KI-VI. Lakini kipepeo ni kiumbe hai, hivyo hufuata ngeli ya A-WA: kipepeo huyu mzuri anaruka; vipepeo hawa wazuri wanaruka. Vivyo hivyo kimulimuli. Mwalimu asome kila ukurasa kabla haujawekwa mtandaoni.

Kosa la daftarini humdhuru mwanafunzi mmoja, nalo hufutika kwa kalamu nyekundu. Kosa la kwenye tovuti hunakiliwa na shule nyingi, na mtoto anayewala nsenene nyumbani kwao atafundishwa kuwaita kwa jina lisilo lao.