Sababu ya kuzijaribu programu za kusafisha ardhi yenye sumu

ARDHI iliyomwagiwa kemikali haijitangazi. Nyasi huota juu yake na watoto wakacheza hapo, ilhali sumu inazidi kupenya udongoni hadi kuyafikia maji yaliyo chini ya ardhi.

Masaibu hayo ndiyo yaliyowakumba wakazi wa Love Canal, mtaa wa mji wa Niagara Falls katika jimbo la New York, Marekani. Nyumba na shule zilijengwa kando ya mfereji wa zamani ambamo maelfu ya tani za taka za kemikali zilitupwa kati ya 1942 na 1953. Mnamo Agosti 1978, Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na mamia ya familia zikahamishwa. Mwaka wa 1980, nchi hiyo ilipitisha sheria maarufu kama Superfund ili maeneo ya aina hiyo yasafishwe.

Hata hivyo, kabla ya kusafisha ni sharti ijulikane sumu imefika wapi. Wataalamu hawawezi kuchimba kila hatua ya ardhi, kwa kuwa kila sampuli ya udongo au maji hugharimu fedha kuichukua na kuipima katika maabara. Hivyo huchimba mashimo machache, na yaliyo kati ya shimo moja na jingine hubidi yakadiriwe.

Hapo ndipo programu za tarakilishi za kusaidia kufanya uamuzi hutumika. Programu hizo hupokea vipimo vya maabara, hukadiria kiwango cha sumu mahali ambapo hapakuchimbwa, kisha huchora ramani. Baadhi hukokotoa pia gharama ya usafishaji na hatari inayowakabili watu.

Ramani yenye kasoro huleta hasara kwa njia mbili. Ikionyesha eneo dogo kuliko lililochafuliwa, sumu huachwa na watu hurejeshwa juu yake. Ikionyesha eneo kubwa kupita kiasi, udongo safi huchimbwa na kusombwa kwa gharama kubwa, na fedha za kuokoa mtaa mwingine huishia hapo.

Kila mtengenezaji husifu programu yake, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiposa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilianzisha mwaka wa 1995 mpango wa kuthibitisha utendaji wa teknolojia za mazingira kupitia kwa watu wasiozitengeneza wala kuziuza.

Zamu ya programu hizo iliwadia mwaka wa 1998. Maabara za kitaifa za Oak Ridge na Brookhaven zilisaidia kuandaa na kusimamia majaribio hayo, na watengenezaji walipewa maswali yaliyotokana na data za maeneo halisi yaliyochafuliwa.

Maswali yalikuwa ya aina tatu. La kwanza lilihusu mahali panapofaa kuchukuliwa sampuli zaidi. La pili lilihusu ukubwa wa eneo la kusafishwa na gharama yake, kutegemea kiwango cha usafi kinachotakiwa. La tatu lilihusu hatari kwa afya ya binadamu. Majibu yalilinganishwa na uchanganuzi uliofanywa na wasimamizi wenyewe kwa kutumia data hizo.

Miongoni mwa programu zilizojaribiwa ni SADA, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Tennessee na kutolewa bila malipo.

Majaribio hayo hayakukusudiwa kumtangaza mshindi. Kila programu iliandikiwa ripoti yake, inayoeleza yale iliyoweza kuyafanya na mipaka yake. Aidha, EPA ilisisitiza kuwa kuthibitisha utendaji si kuidhinisha bidhaa, wala si kuahidi kwamba itafanya kazi vivyo hivyo kila mahali.

Tahadhari hiyo ina msingi. Programu bora ikilishwa vipimo vichache au vibovu hutoa ramani ya kupendeza macho lakini isiyo ya kutegemewa. Isitoshe, watu wawili wanaotumia programu moja na data zile zile wanaweza kupata ramani tofauti, kulingana na njia ya kukadiria waliyoichagua.

Kwa hivyo, mkazi anayeonyeshwa ramani na kuambiwa kuwa uwanja wake ni salama ana haki ya kuuliza ni sampuli ngapi zilizochukuliwa, na iwapo kuna hata moja iliyotoka uwanjani mwake.