Onyo Lifike Hadi Dago

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la chini ya bahari lilipotokea karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, hapa Afrika Mashariki alfajiri ilikuwa haijaingia. Mawimbi ya tsunami yalichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi. Yalipofika mchana, habari za vifo vya Sri Lanka na Thailand zilikwisha kutangazwa, na maofisa wa Kenya walikuwa wameamuru watu waondolewe ufukweni Mombasa. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Tanzania wapatao kumi. Somalia walikufa karibu watu 300, wengi wao katika rasi ya Hafun na vijiji vya jirani.

Ni kweli kwamba Somalia mawimbi yalipiga kwa nguvu zaidi. Lakini muda ulikuwepo. Wavuvi wa Hafun walikuwa na saa za kutosha kutembea kwa miguu hadi mahali pa juu, laiti kungekuwa na mtu wa kuwaambia.

Tangu hapo mengi yamejengwa. Vipima mtetemo, maboya ya bahari kuu na mitambo ya kupima kina cha maji, ikiwemo ya Zanzibar na Mombasa, hupeleka taarifa kwa setilaiti. Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyochambua taarifa hizo na kuzitahadharisha nchi zote za Bahari ya Hindi. Ujumbe kutoka Hyderabad, kilipo kituo cha India, hufika Dar es Salaam au Nairobi ndani ya dakika chache. Safari iliyobaki, kutoka ofisi ya hali ya hewa hadi kwenye dago, yaani kambi ya wavuvi kisiwani, ndiyo inayochelewa, na ndiyo isiyopata fedha za kutosha.

Kimbunga Hidaya kiliipima safari hiyo Mei 2024. Pwani ya Tanzania haijazoea vimbunga. Kile kilichoibomoa Zanzibar mwaka 1872 na kile kilichopiga Lindi mwaka 1952 vimebaki katika historia kwa sababu ni nadra. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilianza kutoa taarifa siku kadhaa kabla, ikaendelea kuzirudia kadiri kimbunga kilivyosogea. Boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei Hidaya ikatua kisiwani Mafia huku nguvu zikiipungua. Mvua iliharibu barabara ya kwenda Lindi, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuvuta vyombo vyao pwani. Utabiri ulikuwepo, ukarudiwa, na watu wakauamini.

Vipi kuhusu simu? Wengi wakisikia onyo la simu hufikiria ujumbe mfupi wa maandishi. Ujumbe huo una kasoro kubwa wakati wa maafa: hutumwa kwa namba moja moja, na siku ambayo kila mtu anampigia nduguye, mtandao husongamana na ujumbe hukwama. Ipo njia nyingine, inayotumika Japani tangu 2007 na Uholanzi tangu 2012. Mnara hurusha ujumbe mmoja kwa mpigo, na kila simu iliyo ndani ya eneo lake huupokea, kama redio inavyopokea matangazo. Hakuna anayehitaji kujua namba ya mtu, na msongamano hauuzuii. Ujumbe unaweza kulenga bonde moja la mto bila kuwashtua walio mbali. Kwa wageni, wachuuzi na madereva wa malori ambao hawamo kwenye orodha ya mtaa wowote, faida yake ni kubwa mno.

Hata hivyo mnara nao huanguka. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, umeme na simu vilikatika, mji ukawa kama umetengwa na dunia. Ndiyo maana Msumbiji bado ina kamati za vijiji zenye redio, vipaza sauti vya mkononi na bendera za rangi: buluu, njano, nyekundu, kadiri hatari inavyokaribia. Anayeziona bendera hizo, hata kama hajui kusoma, hata kama simu yake imezima, huelewa.

Bangladesh imekwenda mbali zaidi. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 huko. Serikali na Hilali Nyekundu wakaunda jeshi la watu wa kujitolea, ambao leo wanazidi 70,000, nusu yao wanawake. Utabiri wa setilaiti hufika makao makuu. Kutoka hapo hushuka kwa redio za mawasiliano, kisha hupelekwa mlango kwa mlango. Mwaka 2020, kabla ya kimbunga Amphan, zaidi ya watu milioni 2 walihamishiwa kwenye majengo ya kujikinga, na waliokufa nchini humo walikuwa makumi tu. Kuwepo kwa wanawake katika kazi hiyo kuna uzito wake: mama aliye peke yake na watoto hufungua mlango upesi zaidi akiitwa na jirani anayemfahamu.

Lugha ya onyo nayo inahitaji kufanyiwa kazi. Kusema zitanyesha milimita 50 ndani ya saa 24 hakumsaidii muuza mboga wa Jangwani, Dar es Salaam. Anachohitaji kujua ni kama maji yataingia chumbani kwake na saa ngapi. Mradi wa Daraja, uliofanya kazi katika makazi duni ya Dar es Salaam na Nairobi, uliwakutanisha wataalamu wa hali ya hewa na redio pamoja na viongozi wa mitaa ili utabiri usemwe kwa maneno ya watu. Ramani nazo zina nafasi yake: vijana wa Ramani Huria walizunguka Tandale na mitaa mingine ya Dar es Salaam wakiandika mifereji, nyumba na kimo cha mafuriko yaliyopita, mambo ambayo setilaiti haiyaoni.

Pengo lililobaki lilionekana Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024. Utabiri wa mvua kubwa ulikuwa umetolewa. Lakini maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya kalavati lililoziba chini ya tuta la reli, na yalipobomoa njia kabla ya mapambazuko, yaliwakuta watu wamelala. Makumi walikufa. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kulitazama tuta lile usiku ule na kupiga kelele.

Mwaka 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitaka kila mtu duniani afikiwe na mfumo wa tahadhari ifikapo mwisho wa 2027. Kwa nchi zetu sehemu kubwa ya vifaa ipo tayari: minara, redio za jamii, watendaji wa vijiji na wazee wa mitaa. Kinachohitajika ni agizo la maandishi linaloeleza nani anaweza kurusha onyo saa nane za usiku bila kusubiri saini ya mkubwa, nani analipia betri za kipaza sauti cha kijiji, na nani anaenda kuwaita wavuvi walioko dago ambako simu haishiki. Wabunge wanapopitisha bajeti za maafa, waulize ni dakika ngapi zinapita kati ya onyo kuingia ofisini na mtu wa mwisho kijijini kuanza kuondoka.