Nyaraka na Funguo: Utunzaji wa Kazi ya Wengi katika Programu Huria

Mnamo Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mradi huo uliwakutanisha wataalamu wa kompyuta na wataalamu wa lugha. Kazi za namna hii hupokewa na wanataaluma wa Kiswahili kwa jicho la istilahi: je, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo ni wa haki na una historia ndefu. Hata hivyo, huacha kando swali jingine ambalo huamua hatima ya istilahi zenyewe: ni nani anayeruhusiwa kulibadili neno lililokwisha kukubaliwa, na sababu za kukubaliwa kwake zimeandikwa wapi?

Programu huria ni ile ambayo leseni yake humpa kila mtu haki ya kuusoma msimbo wake, kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza. Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa haki hiyo ni ya wote, basi mlango wa kuandika nao u wazi kwa wote. Sivyo. Haki ya kubadili nakala yako mwenyewe ni kitu kimoja, na ruhusa ya kuandika katika hazina kuu ya mradi, ambamo watumiaji wote huchota, ni kitu kingine kabisa. Kwa kawaida mchangiaji mgeni huleta kiraka, yaani maandishi mafupi yanayoonyesha mistari anayopendekeza iondolewe na ile inayopaswa kuchukua nafasi yake. Mtunzaji hukisoma, huuliza maswali, hukirudisha au hukiingiza. Mchangiaji ambaye viraka vyake vimekuwa vikikubaliwa kwa muda mrefu ndiye hatimaye hukabidhiwa ufunguo.

Mfano mashuhuri ni kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Tangu mwaka 2004 kila kiraka kinachoingia humo hubeba mstari wa saini, ambamo mchangiaji huthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Mwaka 2005 Torvalds alitunga Git, chombo kinachompa kila mshiriki nakala kamili ya hazina pamoja na historia yake yote. Kwa hiyo swali la nani aandike liligeuka kuwa swali la nakala ya nani iaminiwe. Aidha, kuna faili moja linaloorodhesha kila sehemu ya kiini hicho, mtunzaji wake na hali yake. Sehemu iliyopoteza mtunzaji hutajwa humo, kwa neno la Kiingereza, kuwa ni yatima. Ni neno la huzuni kidogo, lakini lina ukweli ambao miradi mingi huona haya kuukiri.

Kwa upande wa tafsiri, haja ya nyaraka ni kubwa zaidi, na kwa Kiswahili ni kubwa kupita lugha nyingi. Katika mfumo wa gettext, unaotumiwa na programu huria nyingi, mfasiri hupewa faili lenye jozi za maneno: juu tungo ya Kiingereza, chini nafasi ya tafsiri. Tuseme tungo yenyewe ni neno moja tu, New. Mwingereza hana shida nalo. Mswahili hawezi kuliandika kwa usahihi kabla ya kujua ni kitu gani kinachosifiwa: hati mpya, dirisha jipya, kitabu kipya. Upatanisho wa kisarufi unadai nomino, na nomino imebaki katika kichwa cha mwandishi wa programu. Hali kadhalika kwa vitenzi: limefutwa, imefutwa, kimefutwa na umefutwa yote ni majibu sahihi kwa neno lilelile la Kiingereza, na matatu kati yake yatakuwa makosa kwenye kioo cha kompyuta.

Gettext huruhusu maelezo ya muktadha yaandikwe juu ya kila tungo, lakini hayajiandiki yenyewe. Isitoshe, pana maamuzi ambayo mwandishi wa programu hawezi kuyafanya. Faili liwe katika ngeli ya li-ya, wingi wake mafaili, au iwe faili, katika ngeli ya i-zi? Wasemaji wametofautiana, na pande zote mbili zina hoja. Wafasiri watatu wasio na mwongozo wa mtindo watazalisha programu inayosema kwa sauti tatu, na mfasiri wa nne, akiona mchanganyiko huo, ataanza kusahihisha upya. Hapo ndipo kazi ya mwaka mzima hufumuliwa na kufumwa tena bila faida. Mwongozo wa kurasa chache, unaotaja uamuzi pamoja na sababu yake, huzuia hasara hiyo. Orodha ya maneno bila sababu haitoshi, maana anayekuja baadaye hana cha kupima kama aliyetangulia alikosea au aliona mbali.

Ama kuhusu funguo, wapo wanaochagua mlango mpana. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, humruhusu msomaji kuhariri makala, ila kuzifuta na kuzilinda kurasa ni kazi ya wale wanaoitwa wakabidhi. Na kila badiliko hubaki katika historia ya ukurasa, likiweza kurudishwa. Utaratibu huo hufaa penye kosa linaloonekana kwa macho. Katika programu, kosa laweza kujificha.

Ushahidi ulipatikana mwaka 2024. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana data, nayo imo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa muda mrefu ilitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja, aliyekwisha kueleza hadharani kwamba nguvu zake zilikuwa zimepungua. Mchangiaji aliyetumia jina la Jia Tan alijitokeza mwaka 2021, akaleta viraka vyenye manufaa, akaaminiwa, akawa mtunzaji mwenza. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, aliutangazia ulimwengu alichokiona. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu ya maelekezo ya ujenzi iliyouamsha mlango huo haikuwemo katika hazina ya wazi. Ilikuwamo katika furushi la kupakua tu. Waliosoma hazina wasingeiona.

Miradi midogo ya Kiswahili haivutii wavamizi wavumilivu kiasi hicho. Hatari yake ni ya kawaida zaidi: ruzuku hukoma, mwanafunzi huhitimu, na nywila huondoka naye. Wafasiri wapya hubisha hodi wasiitikiwe, kisha huanzisha kazi ileile upya mahali pengine, kwa istilahi nyingine. Dawa yake ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitimiza: funguo ziwe mikononi mwa watu wawili au zaidi, na majina yao yawe yameandikwa.

Mwaka 2010 sehemu ya watengenezaji wa OpenOffice.org walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Leseni iliruhusu tafsiri zihame pamoja na msimbo, na hazina ya LibreOffice ina mafaili ya Kiswahili chini ya alama ya sw-TZ. Mafaili hayo hutaja tungo na tafsiri zake. Kwa nini neno fulani lilichaguliwa na jingine kukataliwa ni suala ambalo mfasiri wa gettext anaweza kulijibu katika mistari inayoanza kwa alama ya #, juu ya tungo husika. Kompyuta huipuuza mistari hiyo. Husomwa na mfasiri anayefuata tu.