Prof Mmari: Aliongoza vyuo vikuu vitatu, cha mwisho kikamfuata mwanafunzi kijijini

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi Bashay, wilayani Mbulu. Anataka digrii. Lakini akihamia Dar es Salaam miaka mitatu, mshahara utakuwaje? Watoto na shamba atamwachia nani?

Miaka ya 1980, mtu kama huyo alikuwa na njia mbili tu: aache kazi au aache ndoto. Profesa Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati, ni mmoja wa waliobadilisha hali hiyo.

Bosi wa chuo ni nani?

Wengi huchanganya. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, ndiye unayemwona akitunuku digrii siku ya mahafali. Anayeendesha chuo kila siku, kuanzia fedha na walimu hadi migomo, ni Makamu Mkuu wa Chuo.

Mmari alikalia kiti hicho mara tatu:

• 1984–1988: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kikiwa ndiyo kwanza kinaanza
• 1988–1991: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani)
• 1993–2005: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Mwaka mgumu

Mwaka 1990 Mlimani ilifungwa kufuatia mgogoro kati ya wanafunzi na serikali. Wanafunzi wakarudishwa makwao.

Mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga, aliyemtangulia Mmari pale Mlimani, ilikamilisha ripoti kuhusu chuo huria. Bunge likapitisha sheria mwaka 1992. Mwaka 1993 Mmari akakabidhiwa kazi ya kukianzisha.

Chuo bila mabweni

Hapo uongozi ulikuwa wa aina nyingine. Badala ya kujenga mabweni, ilibidi kufungua vituo mikoani, kuwafikishia wanafunzi vitabu vya kusomea na kupanga mitihani karibu na wanakoishi. Na hapo simu janja hazikuwepo!

Bashay wakati huo ilikuwa mkoa wa Arusha. Manyara ulianzishwa mwaka 2002, na leo chuo hicho kina kituo chake mkoani humo, mjini Babati.

Je, ni rahisi?

Hapana. Hakuna kengele wala mwenzako wa chumba wa kukuamsha. Unasoma usiku baada ya kazi, nauli ya kwenda kwenye mitihani ni yako, na mtandao ukikata unasubiri. Si ajabu digrii ya miaka mitatu kuchukua mitano au zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, uliza kituoni mambo matatu: ratiba ya mitihani, gharama zote kwa mwaka, na muda wa mwisho unaoruhusiwa kumaliza. Majibu hayo ndiyo yatakuonyesha kama utaweza kusoma bila kuacha kazi.